Kabla ya Kumwita Murhula

Atakuambia faranga elfu kumi.
Utamwambia tano.
Mtakutana kwenye saba na sahani ya maharage,
na kwa bei hiyo usitarajie buti wala glavu,
wala mashine ile inayonguruma kwa wenye nazo kule Nguba.

Tarajia nondo moja,
ncha yake imekunjwa kama kidole kinachoita,
na ndoo ya rangi iliyopoteza mkono.
Tarajia mtu mwembamba anayevua shati kwanza,
analikunja kama la misa
na kukuomba, tafadhali mama, ulishike wewe.

Tarajia kuchelewa.
Alisema saa moja, akafika saa nne,
maana Kadutu nzima ilinyeshewa usiku ule
na kila mwenye nyumba aliamka na ziwa lake jikoni,
kana kwamba la Kivu halitutoshi.

Atapiga magoti kwenye sementi iliyopasuka.
Atagonga bomba, atatega sikio, atagonga tena.
"Hapa mafuta," atasema.
"Hapa nywele.
Hapa sijui, lakini ni kitu cha nyumba hii."

Hilo hakuna aliyenionya:
kwamba mfereji hautunzi siri, unaziahirisha tu.
Vilitoka vizibo vya Primus
na mume wangu aliniapia kwa mama yake kwamba ameacha.
Kilitoka kiatu cha mwanasesere.
Ilitoka soksi, ikatoka soksi, ikatoka soksi.
Kisha, kikiwa cheusi, kimefungwa uzi wa nywele zangu mwenyewe,
kilitoka kijiko cha seti ya arusi,
kile kilichonifanya nimfukuze Nsimire
mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, kabla ya chakula cha jioni.

Murhula alikiweka ukingoni, hakuuliza kitu.
Kunyamaza huko hakukuwamo katika bei.

Sasa sikiliza, hili uliza mapema,
kabla hajavua shati:
tope linakwenda wapi?
Wa bei rahisi wengi huliacha kando ya mlango,
na mvua ya jioni hulirudisha ndani bila kubisha hodi.
Wengine husukuma tu.
Kwako kunakuwa kweupe, unashukuru, unalipa,
na jirani wa chini anaamka akiogelea na mafuta yako ya mawese.
Mji huu wetu ni ngazi.
Hapa hakuna asiyekuwa wa chini wa mtu.

Yeye alijaza viroba vitano,
akavipandisha kimoja kimoja hadi barabarani,
vidato mia moja na arobaini, nilivihesabu
kwa miguu yake, si kwa yangu.
Kwenye kiroba cha nne nikamwonea huruma, au haraka:
"Si usukume tu chini? Mvua itamaliza."

Alijifuta paji kwa kifundo cha mkono,
akaonyesha kwa midomo
bati moja chini kabisa ya bonde,
lenye viraka vya madebe ya mafuta, mlango wa buluu.
"Pale mtoto wangu anajifunza kutembea," alisema,
akakiinua cha tano.

Usitarajie risiti.
Usitarajie dhamana: bomba ni la zamani, nawe hujabadilika.
Nilimpa elfu kumi. Alihesabu mara mbili,
akanirudishia tatu. "Tulipatana," alisema,
akadai shati lake na maharage yake.

Maji yanapita sasa. Yanatoa mlio mdogo, kama mtu anayemeza.
Usiku, nikiosha sufuria, nayachuja kwanza kwa kitambaa,
nayamwaga polepole,
nayasikiliza yakishuka parseli kwa parseli
hadi pale masikio yangu yanapokomea.

Kijiko nimekisugua kwa majivu, kimeng'aa.
Nimeulizia Panzi, nimeulizia soko la Nyawera,
wananiambia kuna Nsimire watatu,
mmoja ameolewa, mmoja amevuka Ruzizi,
na wa tatu, wanasema, ukimtajia jina la nyumba hii
hufunga mlango.